Chini ya Chupa ya Chai

Nianze na ukweli, nisije nikajipamba huko mbele. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu binti wa miaka ishirini na tano aliyekuwa chini yangu kazini, ambaye hakunikosea kitu, na aliyeniamkia shikamoo kila asubuhi. Hata hiyo shikamoo ilinikera. Nina miaka arobaini na moja, nywele nimetoka kusuka jana, mtu ananipa shikamoo mbele ya wateja. Naitikia marahaba, moyoni nasema haya, tumeshazeeshwa.

Ofisi yetu hapa Dodoma inashauri makampuni namna ya kuendesha kazi zao. Tunaingia kwenye kampuni, tunamuuliza kila mtu anafanya nini, karatasi inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, inakwama wapi. Tukimaliza tunachora ramani ya mchakato, yaani maboksi na mishale, na mafundi wetu wanaigeuza kuwa mfumo wa kompyuta. Mtu aliyekuwa anazunguka na fomu ya likizo kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, sasa anabonyeza simu yake tu. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi, tangu tukiwa chumba kimoja na feni moja, kabla mji haujajaa watu wa serikali. Nilijiona ndiye mwenye kazi. Na kusema kweli, nilikuwa ndiye.

Yule binti alikuja kwetu Januari, katoka kijiji kimoja cha Chemba, kwao wanasema ile lugha ya kugonga ulimi kaakaani. Alipanga chumba Nkuhungu na kumleta mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yanamsumbua na alitakiwa kuwa karibu na hospitali. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa Juni ilitakiwa fomu ya kumthibitisha kazini, na fomu hiyo inasainiwa na msimamizi wake. Msimamizi wake nilikuwa mimi. Bila sahihi yangu hana kazi, na bila kazi anarudi Chemba na mama yake. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua.

Mwezi Machi tukapata mteja mpya, kiwanda cha kukamua alizeti cha familia moja ya watu wa mjini wa zamani, ambao mababu zao walifika huku na misafara ya biashara wakabaki. Mwenye kiwanda alikuwa anasafiri muda wote. Aliyeamua mambo ya watu pale ndani, likizo, zamu, gari, sare, alikuwa dada yake mkubwa. Kila mtu alimwita Mama, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Alikaa kwenye meza moja kubwa karibu na dirisha, ushungi wake mweupe, na mbele yake chupa ya chai yenye maua mekundu. Ukiingia, kabla hujasema shida yako, ushamiminiwa kikombe.

Nilikaa kwenye kiti cha mbele ya meza ile wiki tatu. Nikatazama maombi yanavyokuja. Mengine Mama aliyasaini pale pale. Mengine aliyapokea kwa mikono miwili, akasema "nimeipata mwanangu," akamuuliza mtu habari za nyumbani, kisha akaiweka ile karatasi chini ya chupa ya chai. Pale ilikaa siku mbili, siku tatu, wakati mwingine wiki. Nikachukua simu yangu nikawa napima muda. Nikaandika kwenye ripoti kwamba hapa ndipo mambo yanapokwama, na kwamba mama wa watu ni mtu mzima, anasahau.

Binti yeye hakupima kitu. Aliingia jikoni, akaenda stoo, akakaa na waendesha mitambo wakati wa chakula, anakula nao ugali kwenye sinia moja. Mimi nikimwona nasema huyu anacheza. Siku ya tatu tu Mama alishaanza kumwita mwanangu. Mimi aliniita mtaalamu. "Mtaalamu, karibu chai. Mwanangu, umekula?" Wiki tatu nzima mimi mtaalamu, yeye mwanangu. Utasema hilo ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo, nililala nalo na kuamka nalo.

Tuliporudi ofisini kubandika vile vikaratasi vya rangi ukutani, binti akasimama muda mrefu mbele ya boksi langu lililoandikwa "Ucheleweshaji".

"Dada, zile karatasi hazijachelewa," akaniambia.

"Zimefanya nini?"

"Zimekataliwa."

Akanieleza. Katika nyumba ile, tangu enzi za baba yao, mtu hakataliwi kwa mdomo. Ameingia na salamu zake, amekunywa chai yako, utamtoaje na neno hapana? Kwa hiyo karatasi inawekwa chini ya chupa. Mwenye karatasi akipita kesho yake anaiona ipo pale pale, anaelewa. Siku anayotaka yeye, anakuja, anaamkia, anainua chupa, anachukua karatasi yake. Kwa hiyo hakunyimwa, ameichukua mwenyewe. Mama anamuuliza habari za watoto na maisha yanaendelea. Kiwanda kizima kilijua. Yupo mwendesha mitambo mmoja aliyeomba likizo kila mwaka katikati ya msimu wa alizeti aende Mtera kwa kaka yake akavue samaki. Kila mwaka karatasi inakwenda chini ya chupa, kila mwaka anakuja kuichukua anacheka. Alikuwa anataka tu ijulikane kwamba anapatamani Mtera.

"Kwa hiyo kwenye ramani tuweke njia ya tatu," binti akasema. "Kuna kukubali, kuna kukataa, na kuna kuacha. Kitufe cha kukataa Mama hatakibonyeza hata siku moja."

Nilijua palepale kwamba yuko sahihi. Naomba hilo lieleweke, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Sikufikiri amekosea. Uso uliniwaka moto. Wiki tatu nimekaa mbele ya chupa ile, nimekunywa chai yake, nimeipimia muda kwa simu, sijaona kitu. Miaka kumi ya kazi. Na huyu aliyekuja juzi ameona kwa kula ugali.

Nikamwambia vizuri sana, nimependa, chora. Akachora. Boksi lake la tatu akaliita "Chini ya chupa", na pembeni akaandika maelezo yaliyonyooka kama ya mwalimu. Chini ya ramani, kama utaratibu wetu ulivyo, likakaa jina lake kama mtayarishaji na langu kama mhakiki.

Ijumaa mchana baadhi ya wenzangu wakiwa msikitini na wengine wamekwenda kula, nikaifungua ramani ile kwenye kompyuta. Nikaliangalia boksi la tatu. Nikajiambia mteja atatucheka, chupa ya chai kwenye mfumo wa kisasa, si aibu hii? Nikajiambia mafundi watachanganyikiwa. Nikajiambia mengi. Halafu nikalifuta. Mishale yake miwili ikabaki inaning'inia, nikaifuta nayo. Mahali pake nikaweka kanuni yangu mimi, niliyokuwa nimeitumia kwenye kampuni nyingine ambazo mabosi wake ni wavivu wa kujibu: ombi likikaa siku mbili bila jibu, mfumo unalipitisha wenyewe. Mkurugenzi wetu aliipenda kanuni hiyo. Alisema inawaamsha watu.

Mwezi Mei tukauzindua mfumo pale kiwandani. Pilau ikapikwa, simu za watu zikawekewa mfumo, Mama akapewa kompyuta mpya pembeni ya chupa yake. Alifundishwa akafundishika, mtu mwenye akili yule. Mwisho wa shughuli timu yetu yote ikapewa dumu la mafuta ya alizeti, kila mtu la kwake, na mimi la kwangu. Nikapokea nikashukuru. Kisha Mama akatoa boksi lililofungwa karatasi ya maua akampa binti. Ndani kulikuwa na chupa ya chai, mpya, yenye maua mekundu kama ile ya mezani kwake.

"Ya kwako mwanangu," akasema. "Uwe unawapa watu chai huko kwenu."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilirudi nyumbani na dumu langu la lita tano, mwanamume mmoja jirani akanipongeza kwa mafuta, nikamjibu ovyo. Mafuta yenyewe nilipikia mwezi mzima na kila nikimimina nakumbuka ile chupa.

Siku ile ile ya uzinduzi, tukiwa tunakunja waya, binti aliniuliza taratibu, hakutaka wengine wasikie.

"Dada, lile boksi la tatu mbona silioni kwenye skrini?"

"Mafundi wameliweka kwa ndani," nikamwambia. "Halionekani, lakini lipo."

Akasema sawa dada, asante. Aliniamini moja kwa moja. Hakuuliza tena.

Akaiweka chupa yake ofisini kwetu, kwenye meza ndefu tunayokaa wote. Kila saa nne akawa anatuchemshia chai ya tangawizi, anammiminia kila mtu. Yangu vijiko viwili vya sukari, hakusahau hata siku moja. Chai ilikuwa nzuri mno, na hilo nalo liliniudhi.

Juni ikaingia na upepo wake. Wanaojua Dodoma wanaujua upepo wa Juni, baridi kavu na vumbi mpaka kwenye meno. Ndio msimu wa alizeti. Wakulima wanashuka kutoka Kondoa na Chemba na magunia, kiwanda kinafanya kazi bila kupumua. Na kama kila mwaka, waendesha mitambo wakaomba likizo zao za kutamani, safari hii kwenye simu. Huyu harusi ya binamu, huyu kuezeka nyumba ya baba, yule wa Mtera, Mtera yake. Mama akayaona maombi kwenye skrini. Akafanya alichokifanya miaka yote. Akayaacha pale, akamimina chai.

Siku mbili zikapita. Mfumo ukayapitisha yote.

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu niende kiwandani haraka, na binti na mkurugenzi wakaja nyuma yangu. Mitambo ilikuwa kimya. Sijawahi kusikia kiwanda kile kimya. Katika waendesha mitambo wote alikuwa amebaki mmoja, ambaye hakuomba likizo kwa sababu simu yake ilikuwa imeharibika. Wengine wote walikuwa wamepata ujumbe, ombi lako limekubaliwa, wakashangaa, wakafurahi, wakaondoka. Yule wa Mtera alipopigiwa simu, zikasikika kelele za maji nyuma yake. "Hata mimi nimeshangaa," alisema. "Nikasema mwaka huu Mama amenihurumia. Mwambieni asante sana, nitamletea perege."

Nje ya geti, foleni ya malori na mikokoteni ilikuwa imefika barabarani. Wakulima wamekaa juu ya magunia yao, wamejifunika mashuka kwa baridi, wanauliza kuna nini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba. Alisema tu, "Mimi sikumkubalia mtu. Mbona mashine imesema nimekubali?"

Binti akageuka akanitazama. Kwa sekunde chache tu. Nikaona anaelewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayehesabu vyombo akakuta kimoja hakipo. Akaenda getini, akaanza kuongea na wakulima wa kwao kwa ile lugha yao, akawatafutia maji ya kunywa, na mama mmoja mjamzito akamtafutia mahali pa kujikinga na upepo. Nikasikia wanacheka naye. Kiwanda kimesimama kwa mkono wangu, watu wanapigwa na vumbi, na mimi nimesimama pale naona wivu kwamba anachekesha watu. Hicho ndicho kitu wivu ulichonifanya, na sioni sababu ya kuficha.

Mama alipokwisha kumweleza habari ya chupa, mkurugenzi wetu akatukalisha kwenye ofisi yake Mama, ramani iko mezani.

"Nani aliandaa hii ramani?"

"Mimi," binti akajibu.

"Hukuona kwamba huyu mama akikataa hasemi?"

Hapo kulikuwa na nafasi. Nafasi kubwa tu, ya mtu mzima kufungua mdomo na kusema, aliona, mimi ndiye niliyefuta. Binti aliingoja. Nilimwona anaingoja, ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Asingeweza kunisema mimi mbele ya watu, mtu anayeniamkia shikamoo. Nikachukua kikombe changu nikanywa chai. Mama alikuwa anatutazama wote wawili.

"Samahani sana," binti akasema mwishowe. Hakusema samahani ya nini.

Adhuhuri hiyo hiyo nikakaa kwenye kompyuta nikalirudisha boksi la tatu. Haikunichukua hata saa nzima, maana nilikuwa nakumbuka kila neno aliloliandika. Nikaiondoa kanuni yangu ya siku mbili. Ombi likiachwa, linabaki limeachwa, na mwenye ombi anaweza kulichukua mwenyewe bila kuandikiwa kwamba amekataliwa. Waendesha mitambo wakarudishwa mmoja mmoja, na wa Mtera akaja na perege wake kweli. Mkurugenzi alipoona jinsi mfumo ulivyotulia akaniuliza akili hii nimeitoa wapi. Nikamwambia ni uzoefu. Siku hizi njia ya tatu ipo kwenye mifumo yetu kwa wateja kadhaa, na wenzangu wanaiita kwa jina langu.

Wiki ya mwisho ya Juni mkurugenzi akaniita. Akasema kuhusu yule binti, yeye hana la kusema sana, kosa la ramani analijua, lakini kila mtu hukosea. "Wewe ndiye uliyekaa naye. Ukisaini, anabaki. Usiposaini, basi. Mwisho Ijumaa." Nikasema sawa.

Jumanne binti akaniletea fomu. Aliileta kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu.

"Dada, naomba unisaidie sahihi."

"Nimeipata," nikamwambia.

Alipotoka niliishika kalamu. Ilikuwa kazi ya kuandika jina langu, kitu ninachokifanya mara ishirini kwa siku. Nikafikiria mama yake na macho yake. Nikafikiria pia kwamba akibaki, kila siku saa nne ataingia mtu anayejua nilichofanya, ananipa shikamoo na vijiko viwili vya sukari. Na mwaka mmoja mbele, miwili, wateja wote watakuwa wanamwita mwanangu, na mimi nitakuwa yule mtaalamu. Nisiseme mkono uliteleza. Niliinuka na fomu ile, nikaenda kwenye meza ndefu, nikainua chupa yake yenye maua mekundu, nikaiweka chini yake.

Jumatano ilikuwa pale. Siku hiyo alikuwa amempeleka mama yake hospitali, hakuja. Alhamisi saa nne akaja kutumiminia chai. Ofisi nzima ipo, watu wana vikombe mkononi, wanasimuliana habari za mpira. Akainua chupa. Akaiona.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Akasimama na chupa mkononi muda wa kutosha kusoma jina lake. Hakunitazama. Akamimina chai yangu kwanza, akatia vijiko viwili, akakoroga, akaja kuniwekea mezani.

"Karibu chai, dada."

Akarudi akawamiminia wengine wote, mpaka mlinzi aliyekuwa mlangoni. Alipomaliza akaichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi. Mmoja wetu akamuuliza, vipi, fomu imeshatoka? Akatabasamu, akasema hapana, ameamua mwenyewe, mama anataka kurudi nyumbani, na yeye ataondoka naye. Watu wakasikitika, wakamwambia usituache bwana, wakamtania kwamba amepata mchumba Chemba. Akacheka nao. Alimwambia mkurugenzi vivyo hivyo, maneno hayo hayo. Hakuna mtu ofisini aliyejua kwamba alinyimwa, mpaka leo.

Chupa aliiacha mezani. Chai yangu niliinywa yote.